Z ya baba mkubwa imetoka kwa Mzee wa Moshi: miguu ya mbele yote, na hela niliyotupa kabla ya hapo

Wiki ya tatu sasa naendesha Datsun 240Z kwa mkono mmoja, mwingine upo dirishani kama dereva wa Hiace, na aliyewahi kupanda hii gari mwaka jana anajua hiyo ni habari kubwa. Mwaka jana usukani ulikuwa unaushika kama unashika mbuzi wa mnadani, ukilegeza kidogo tu anaelekea anakotaka yeye. Kwenye lami nzuri ukifika 80 mtetemo unaanza kidogo kidogo, ukifika 95 mikono inakufa ganzi, ukipita tuta unasikia ko ko ko mbele kulia kama mtu anabisha hodi. Hayo yote yameisha, au tuseme yameisha asilimia tisini, hiyo kumi iliyobaki nitaisema huko chini maana sitaki mtu aje aseme nimempamba fundi.

Sasa rivyuu yenyewe ni ya kazi ya miguu ya mbele yote, shokapu, bushi (vile vipande vya mpira kwenye maungio), boljointi, tairodendi, beringi za habu na alaimenti, imefanywa na mzee mmoja gereji yake ipo Moshi, uchochoroni tu, haina hata kibao. Jina kanikataza, anasema kazi alizonazo zinamtosha na hataki watu wampigie usiku kuuliza bei ya brekipedi. Kwa hiyo hapa ataitwa Mzee basi.

Kwa wasioijua gari, Nissan walianza kuiuza kwao Japani mwishoni mwa 1969 ikiitwa Fairlady Z, huku nje ikaja kama Datsun 240Z, milango miwili, siti mbili, injini ya silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, cc 2,393, uzito tani moja na kidogo. Boneti ndefu mpaka unajiuliza injini ya nini hiyo. Mbele ina strati (springi na shokapu kwenye nguzo moja) za MacPherson, yaani mfumo ule ule wa IST na Passo zenu, so fundi akikwambia haya magari ya zamani yana maajabu yake ujue anatafuta njia ya kukuongezea bei. Ya kwangu ni ya 1972, baba mkubwa aliinunua Mombasa miaka ya themanini, akaitumia, akachoka, akaiingiza bandani, na kwa miaka kumi na kitu kuku walikuwa wanataga kwenye siti ya abiria. Alipofariki familia ikaamua niichukue mimi maana mimi ndo "mwenye akili za magari", wakimaanisha sina hela lakini pia sina aibu.

Af kuna watu wakiiona wanasema aah hiki kigari cha lami ya Ulaya, huku kwetu kitakufa. Jamani. Hii gari imeshinda Safari Rally mara mbili, 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller, 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews, na hiyo ya 1973 Mehta alimaliza penati sawa sawa na Harry Källström ambaye naye alikuwa kwenye Datsun nyingine, ikabidi waamuliwe kwa kanuni ya kutenganisha. Matope, makorongo, ng'ombe barabarani, imepita huko kote. Kinachoua hizi gari ni sisi wenyewe na spana zetu, na mimi ni shahidi nambari moja.

Gereji ya kwanza siitaji na mji siutaji. Ni sehemu safi, sakafu imepakwa rangi, kuna sofa na tivii, unapewa maji ya chupa. Nikawaambia gari inatetemeka na inagonga mbele, wakapiga jeki wakatikisa tairi mara mbili wakasema bushi zote zimekufa, kweli zilikuwa zimekufa, hapo hawakunidanganya. Wakasema weka za poliyurethani, ile plastiki ngumu nyekundu, hizo hazifi mpaka uzeeke. Mimi nikafurahi maana nilishaziona mtandaoni zinapendeza, nikaagiza seti nzima Marekani, zikaja, wakafunga zote, kila mahali, mpaka pale kwenye tenshen rodi, ile fimbo ya chuma inayozuia tairi la mbele lisirudi nyuma, pande zote mbili. Laki sita ya ufundi. Gari ikatoka imekakamaa kama kitanda cha mbao, nikajiambia ndo sports car hiyo bwana.

Alaimenti wakapeleka kwenye mashine ya kompyuta, kijana akatafuta 240Z hakuipata, akachagua Nissan nyingine yoyote ya karibu akasema "zinalingana tu kaka". Nikalipa.

Wiki ya sita natoka Arusha narudi, nimefika Usa River, kuna tuta mbele, speed ndogo tu labda 40, nakanyaga breki, nasikia PAA, usukani unavutwa kushoto kwa nguvu sijawahi kuona, gari inalalia upande inaingia pembeni kwenye changarawe na kusimama. Bodaboda wakajaa. Nikashuka nikakuta tairi la mbele kushoto limerudi nyuma limekaa juu ya fenda, limekula mpira, moshi unatoka. Tenshen rodi imekatika pale kwenye shingo inapoingia kwenye chasisi, imekatika safi kama karoti. Ningekuwa kwenye 100 pale mteremko wa kuja uwanja wa ndege wa KIA leo hii mngekuwa mnachanga.

Nilivyowapigia wale wa sofa wakasema chuma kilikuwa cha zamani. Basi.

Kwa Mzee nilipelekwa na dereva wa breakdown, gari ikiwa juu ya lori. Nakumbuka nimeshuka, "shikamoo mzee", "marahaba baba", hakuniangalia mara mbili, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akainama, akashika kile kipande kilichobaki akakipitisha kidole kwenye sehemu iliyokatika. Akaniita nije nione. Robo tatu ya duara ilikuwa ina rangi ya kahawia, imeshika kutu, na robo tu ndo iling'aa. Akasema, "Hii haijakatika leo mwanangu. Leo imemalizia tu."

Halafu akachukua kipande cha waya wa kufungia mzigo, akakibana kwenye vaisi, akaanza kukipindisha juu chini juu chini bila kusema kitu, mara ya ishirini hivi kikakatika akanipa mkononi, cha moto. Ndo akaeleza: hiyo rodi upande mmoja imefungwa kwa bolti mbili kwenye mkono wa chini, ule unaoshika tairi, haitikisiki. Upande wa pili inaingia kwenye tundu la chasisi katikati ya bushi mbili. Mkono ukipanda na kushuka kila shimo, rodi nayo lazima iinamishe kichwa kidogo pale kwenye tundu. Mpira unaikubalia. Plastiki ngumu pande zote mbili haikubali, kwa hiyo badala ya bushi kujikunja inajikunja chuma chenyewe, shingoni, kila tuta, kila shimo, Moshi Arusha kilomita themanini una matuta mangapi? Hesabu mwenyewe.

Na hapo nikajisikia mjinga kidogo maana baadaye nilivyotafuta nikakuta watu wa Z huko Marekani wanalijua hili zamani sana, ni kitu cha kawaida kabisa kwenye haya magari. Mimi nilitazama rangi nyekundu tu.

Kitu nilichokipenda ni kwamba Mzee sio mtu wa kuchukia poli kwa ujumla, nilidhani ni zile habari za wazee kukataa vitu vipya. Akazitoa zote akazipanga chini kwenye gunia, akachagua. Za reki ya usukani akasema hizi rudisha, pale hapatakiwi kucheza hata kidogo na mpira ukilegea usukani unakuwa wa chelewa chelewa. Za stabilaiza nazo rudisha, ila zipakwe grisi yake sawasawa la sivyo zitalia kama kitanda cha gesti. Za tenshen rodi weka mpira pande zote mbili. Za mkono wa chini, ile bushi ya ndani, mpira. "Unataka gari ya mashindano au unataka kwenda kanisani?" Nikasema kanisani mzee.

Ikabidi niagize tena. Bushi za mpira, rodi mbili (akakataa katakata kurudisha ile ya kulia ambayo haijakatika, "na yenyewe inajiandaa"), boljointi, tairodendi, na kartriji za KYB za strati za mbele. Wiki tano zikapita nasubiri mzigo na gari ipo kwake imewekwa juu ya stendi imefunikwa turubai, hakunidai hela ya kuegesha.

Kufungua nilikwenda kuangalia siku mbili. Strati za hii gari asili yake ni za mafuta, yaani ile bomba ya chuma yenyewe ndo shokapu, unafungua nati kubwa ya juu, unatoa pistoni na utumbo wote, unamwaga mafuta, af unaingiza kartriji iliyofungwa tayari kiwandani. Kwenye maelezo ni dakika ishirini. Kwenye maisha halisi ile nati haijafunguliwa toka enzi za Nyerere. Kijana wake alipiga spana ya bomba ya futi tatu mpaka strati ikazunguka ndani ya vaisi, nati haijasogea. Mzee akaleta gesi, akapasha bomba kwa nje taratibu huku anazungusha moto, akasubiri, akapasha tena, akasema sasa. Ikalia kriii, ikaachia. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi, mazito, yananuka samaki aliyeoza, na hayakufika hata kikombe cha chai. Kwa hiyo kwa miaka mingi nimekuwa naendesha gari yenye springi tu bila shokapu, na wale wa sofa hawakuligusa hilo kabisa. Waliniambia shokapu nzima.

Kabla ya kuingiza kartriji akamimina mafuta kidogo ndani ya bomba. Nikamuuliza si imeshafungwa, mafuta ya nini? Akasema kartriji ikifanya kazi inapata joto, katikati yake na bomba kuna hewa, hewa haipitishi joto vizuri, mafuta yanalitoa joto kulipeleka kwenye chuma cha nje linapoa. Asijaze mpaka juu tu, yakipata moto yanatanuka. Beringi ya juu ya strati, ile ambayo kila kitu kinazungukia ukikata kona, ilikuwa imejaa vumbi limegeuka ugali. Akaosha kwa petroli, akasikiliza, ndio kasikiliza, kaizungusha karibu na sikio, akasema ya kushoto nzima, ya kulia tafuta nyingine. Nilikuwa nalalamika siku zote kwamba usukani haurudi wenyewe nikimaliza kona, kumbe ni hii.

Sehemu iliyonishinda uvumilivu ni bushi za mkono wa chini. Bushi ya asili ni mpira uliogandishwa kati ya vyuma viwili, bomba la ndani na ganda la nje. Wale wa kwanza walipotoa ganda la nje ili waweke poli walilikata kwa grainda wakaingia mpaka kwenye mkono wenyewe, mstari umechimbika. Mzee aliukodolea macho kama dakika tatu, akafaili, akasafisha, akapiga lensi, akasema sio ufa, ila kona zake zilikuwa kali na ufa unapenda kona kali. Akailainisha. Bushi mpya akaiingiza kwa presi ya mkono, taratibu, anasimama katikati anaangalia kama inaenda wima. Upande wa pili hivyo hivyo. Nusu siku kwa vitu viwili vyenye ukubwa wa betri la tochi.

Sasa hiki kinachofuata ndo kinachofanya mimi niwalipe mafundi hela. Baada ya kufunga kila kitu, kijana alitaka kukaza bolti za mkono wa chini gari ikiwa bado juu ya stendi, miguu inaning'inia. Mzee akamfokea mpaka na mimi nikashtuka. Zikaachwa zimeshikwa tu kwa mkono. Wakafunga tairi, wakashusha gari kwenye magogo manne ya mkaratusi yaliyolingana, wakaiminyaminya boneti ikacheza, wakaisukuma mbele nyuma kidogo ili tairi zikae zenyewe, af Mzee akaagiza gunia la mahindi kilo 50 akalilaza kwenye siti ya dereva akaongeza na begi la spana. "Huyu ni wewe." Ndo akaingia chini na spana yenye mpini mrefu akakaza.

Sababu yake ni rahisi ukishaambiwa. Mpira wa bushi umeshikana na bomba la ndani na ganda la nje, hauzunguki, unajipinda tu. Ukikaza gari inaning'inia, ule mkao wa kuning'inia ndo unakuwa mkao wake wa kupumzika, ukishusha gari chini bushi inakaa imepindwa muda wote hata ukiwa umeegesha umelala nyumbani. Inachanika mapema, na gari mbele inakaa juu kama imeshtuka. Nimemuuliza fundi watano baada ya hapo mnakaza gari ikiwa wapi, wanne wamesema juu, mmoja kaniuliza kwani kuna tofauti.

Beringi za habu nitapita haraka, kaosha, kaweka grisi mpya kwa kuiminya kwenye kiganja mpaka itokee upande wa pili, akakaza nati huku anazungusha habu kwa mkono mwingine, akairudisha nyuma kidogo, akajaribu kutikisa, akapiga kotapini mpya. Zile kotapini za zamani akazitupa mbali kabisa nje ya uzio ili kijana asije akazirudia. Nilicheka.

Alaimenti. Nilitegemea tutaenda mjini kwenye mashine. Hakuna. Akaleta kamba ya nailoni, stendi nne, rula ya chuma, na timazi, ndio timazi ya fundi muashi. Chini ya kila tairi la mbele kaweka vipande viwili vya bati nene na grisi katikati ili tairi ligeuke bila kung'ang'ania sakafu. Sakafu yenyewe alishaipima zamani kwa maji kwenye mpira wa uwazi, ana alama za rangi nyeupe mahali pa kuweka tairi, na zile zenye upungufu kaweka kigae.

Kemba, yaani tairi limeegemea nje au ndani kiasi gani, akapima kwa timazi, anaishusha mbele ya rimu anapima nafasi juu na chini. Kwa rimu ya inchi 14 tofauti ya milimita 6.5 hivi ni digrii moja, kaandika ukutani kwa chaki, kuna namba za inchi 13 mpaka 16. Kushoto ikaja milimita 3, kulia 8, yaani juu ya tairi imeegemea nje zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Sasa hii gari toka kiwandani haina mahali pa kurekebisha kemba, unachorekebisha ni tou tu, yaani tairi za mbele zimeelekea ndani au nje kiasi gani. Mimi nikasema basi tena. Mzee akakuna kichwa, akashikilia injini kwa jeki na kipande cha mbao, maana injini imekalia ile krosmemba ya mbele (boriti ya chuma ya chini, na mikono ya chini imeshikwa hapo hapo), akalegeza bolti za krosmemba, akaweka mtaimbo, akaisogeza upande mmoja kiasi ambacho mimi kwa macho sikuona kitu. Matundu ya bolti yana nafasi kidogo, ndo hiyo hiyo aliyoitumia. Akakaza. Akapima, 5 na 6. Akaenda kunywa chai.

Tou ikawa ya mwisho, kamba mbili zimevutwa sambamba na gari pande zote, rula mbele ya rimu na nyuma ya rimu, anazungusha tairodi robo raundi kushoto, robo raundi kulia, anahakikisha zinabaki urefu sawa ili usukani ukae sawa, anasukuma gari nyuma na mbele, anapima tena. Mara sita nilihesabu. Kaiacha mbele zimeingia ndani milimita 3 kwa jumla. Nilimuuliza kwa nini asianze na tou maana ndo rahisi, akasema ukigusa kingine chochote tou inahama, ukianza nayo utaifanya mara mbili na mteja atalipa mara moja.

Jaribio la kwanza tulipanda wote, yeye kaendesha. Hapo ndo kaniambia alikulia Voi kwa mjomba wake aliyekuwa anafanya kazi reli, na akiwa mtoto aliziona hizi Z za Safari zikipita, nyekundu boneti nyeusi, matope mpaka kwenye vioo, na hakuwahi kuiendesha hata moja mpaka siku hiyo. Sijui kama ni kweli au alitaka tu aendeshe kwa muda mrefu. Tulitoka Moshi mpaka Himo, tukapanda Marangu zile kona zote, akawa anaachia usukani kwenye kunyooka anauangalia tu, anatikisa kichwa. Gari inaingia kona inakaa, inatoka, usukani unarudi wenyewe. Kwenye matuta mbele inashuka mara moja inapanda mara moja imeisha, hakuna kile kitu cha kuendelea kunesa kama godoro. Ko ko hakuna. Nilivyorudi peke yangu nikaifikisha 110 mahali ambapo sitapataja maana wenye tochi nao wanasoma.

Haya, ile asilimia kumi. Kati ya 95 na 100 bado kuna mtetemo mdogo kwenye usukani, sio wa kutia ganzi, ila upo. Tairi tumebalansi mara mbili, rimu moja ya mbele imepinda kidogo, tulipoihamishia nyuma mtetemo ukapungua sana ila haukuisha. Hizi gari zinajulikana kwa huo ugonjwa kwa hiyo simlaumu moja kwa moja, lakini nilitegemea uishe wote na haujaisha.

Pia Mzee ana mambo yake. Simu hapokei. Akisema Jumanne anaweza kumaanisha Jumanne yoyote. Jumamosi amefunga kwa sababu ni Msabato, hiyo nzuri tu, lakini mimi nilifunga safari kutoka Arusha bila kuuliza nikakuta geti lina kufuli, kosa langu. Risiti ni karatasi ya daftari la mtoto. Na fenda yangu ile iliyoliwa na tairi pale Usa River kanyoosha kwa nyundo, imenyooka, lakini usiangalie kwa karibu, sio fundi bodi yule na mwenyewe alisema.

Hela: vifaa vyote vya mara ya pili mpaka vinafika mkononi milioni moja na laki moja na nusu, ufundi laki tatu na nusu ikiwemo alaimenti. Ndio, nusu ya wale wa sofa na kitu. Ukijumlisha na seti ya poli ambayo nusu yake ipo kwenye gunia stoo, mimi hii miguu ya mbele nimeilipia mara mbili kasoro. Kama una Z, au 510, au Datsun yoyote ya miaka hiyo yenye tenshen rodi mbele, na mtu alishakufungia zile nyekundu pande zote mbili, usisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Lala chini ya gari leo uangalie shingo ya ile rodi.

Mzee kaniambia nirudi baada ya kilomita 1,000 akaze upya kila nati na acheki tou mara nyingine, bila malipo. Ila kaniwekea sharti, nisioshe gari hata mara moja mpaka siku hiyo, anataka aone vumbi limeganda wapi ndo ajue kama kuna mahali grisi au mafuta yanatoka. Kwa hiyo sasa ina vumbi la wiki tatu, mke wangu kaandika NIOSHE kwa kidole kwenye kioo cha nyuma, na siioshi mpaka Jumapili.